Gari Bila Namba: Muuzaji Anaruhusiwa Kukupa Nini?

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja: gari limeshalipiwa, muuzaji anasema "chukua utembee nalo, namba zinakuja". Tumeanza na iliyo nzito zaidi.

Salaam aleikum. Nimenunua Toyota Probox yadini, nimemaliza kulipa. Muuzaji amenipa karatasi ngumu imechapwa kwa kompyuta, ina nembo ya yadi yake na maneno "Namba ya Muda, Siku 30". Akaniambia niifunge nyuma nianze safari zangu. Nilipofika Pongwe trafiki akanisimamisha, gari likazuiwa. Mimi nina kosa gani wakati aliyenipa ni muuzaji? — Msomaji, Makorora, Tanga

Wa aleikum salaam. Trafiki hajakuonea, ndugu yetu. Tanzania Bara namba ya gari hutolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Yadi, dalali na wakala wa forodha hawana mamlaka ya kujitungia namba wakaichapisha. Karatasi uliyopewa haipo kwenye mfumo wowote, na trafiki akitafuta namba hiyo hapati jina la mtu wala namba ya chasisi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari lisajiliwe kwanza ndipo liingie barabara ya umma, na wa kwanza kuulizwa ni aliyeshika usukani. Muuzaji naye ana lake la kujibu kwako, tutalifikia.

Kwanza ujue gari lilikuwa limefikia wapi kiforodha siku ulipolipa, maana yadi ni za aina mbili. Zipo zilizo chini ya ghala la forodha: magari yamo uani, yanaonekana, unaweza hata kuyawasha, lakini ushuru haujalipwa. Bei unayotajiwa pale mara nyingi si bei ya kulifikisha gari barabarani. Ukishakubaliana ndipo linaandaliwa tamko la forodha, ile hati inayoitwa TANSAD, kodi zinalipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, forodha inatoa ruhusa ya gari kutoka, kisha usajili. Aina ya pili ni yadi ambazo kodi zimeshalipwa, na hapa napo kuna mtego: gari linaweza kuwa limeshasajiliwa kwa jina la yadi au la mtu aliyeliagiza. Hapo hununui gari la kusajiliwa kwa mara ya kwanza, unanunua gari la kuhamishwa umiliki, na gharama za uhamisho zinakuja juu ya bei. Uliza kabla hujatoa hata shilingi: "Kodi zimelipwa? Limesajiliwa? Kwa jina la nani?" Majibu yote matatu yawe na karatasi.

Usajili wa kwanza ukikwama, mara nyingi unakwama kwenye chasisi. Gari la Japani halina ile namba ya tarakimu na herufi 17 iliyozoeleka kwa magari ya Ulaya na Marekani. Lina msimbo wa modeli, kistari, halafu tarakimu sita au saba. Probox ya toleo la kwanza ya injini ya 1500 isiyo na foo-wili, kwa mfano, huanza na NCP51. Shika tochi, fungua boneti, tafuta namba iliyogongwa kwenye bati la bodi. Katika magari mengi ya Toyota ipo kwenye ukuta ulio nyuma ya injini, au sakafuni chini ya kiti cha mbele. Pangusa vumbi kwa kitambaa, piga picha, kisha soma tarakimu moja moja ukilinganisha na cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari, halafu na TANSAD. Usiridhike na kibandiko wala kibati kilichopigwa ribiti, maana hivyo huhamishika. Makosa tunayoyaona sana ni 8 kuandikwa 3, tarakimu mbili kubadilishana nafasi, na rangi ya gari kuandikwa ile ya zamani. Kosa la tarakimu moja kwenye TANSAD lisiporekebishwa forodhani linaingia kwenye kadi, na kulitoa kwenye kadi ni kazi kubwa kuliko kulizuia.

Upande wako unatakiwa uwe na namba ya mlipakodi, TIN, na kitambulisho cha NIDA, na majina yafanane kote kuwili. "Mohamed" huku na "Muhammad" kule yanatosha kukurudisha nyumbani. Usajili ukikamilika, namba inatoka na pleti zinatengenezwa na mtengenezaji aliyeidhinishwa: njano kwa gari binafsi, nyeupe kwa gari la biashara. Bima unaweza kuikata kwa namba ya chasisi kabla pleti hazijatoka. Lakini bima ya chasisi hailigeuzi gari lisilosajiliwa kuwa lililosajiliwa. Wauzaji wengine humwonyesha mnunuzi stika ya bima wakamwambia "hii inatosha". Haitoshi.

Kama huna budi gari litoke yadini kabla ya pleti, na forodha imeshatoa ruhusa, lipakie juu ya lori la kubebea magari, matairi yake yote manne yasiguse lami. Kuvutwa kwa kamba hakusaidii, maana bado liko barabarani.

Kuna watu watakuambia Japani wana namba za muda, kwa nini sisi tusiwe nazo. Ni kweli wanazo: pleti yenye mstari mwekundu wa mshazari, kwa siku zisizozidi tano, kwa ada ya yeni 750. Ila inatolewa na ofisi ya serikali ya mtaa, baada ya mwombaji kutaja safari na kuonyesha bima ya lazima, kisha inarudishwa. Pleti hiyo haitoki kwenye mashine ya muuzaji.

Sasa kuhusu muuzaji wako. Mwandikie barua, ambatanisha nakala ya karatasi yake na risiti ya malipo yako ya mashine ya kielektroniki, EFD, umtake akamilishe usajili na kulipa gharama zilizotokana na gari kuzuiwa. Akipuuza, malalamiko ya mlaji aliyepotoshwa yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Na wengine mnaosoma hapa, mkataba uwe na sentensi hii: "Gari litakabidhiwa likiwa na kadi yenye jina la mnunuzi na pleti mbili." Bakiza sehemu ya fedha, hata asilimia 10, ilipwe siku hiyo ya kukabidhiana. Muuzaji anayekataa sharti hilo anakueleza hali ya makaratasi yake.

Kuna jamaa ananiuzia gari lenye namba za IT, bei nusu ya yadini. Anasema nitembee na IT mpaka nipate hela ya kodi. Inakubalika? — Dereva, Kange

Usilinunue. IT ni gari linalopita nchini kwenda nje, Zambia, Kongo, Malawi na kwingineko. Kodi yake haijalipwa Tanzania kwa sababu halikukusudiwa kubaki Tanzania. Limetolewa bandarini kwa dhamana ya forodha, njia yake imepangwa, mpaka wa kutokea umetajwa na muda wake una ukomo. Lisipotoka, aliyeweka dhamana anadaiwa, na gari lenyewe linaweza kukamatwa popote litakapoonekana, hata kama umelipeleka gereji Ngamiani ukalipaka rangi mpya. Nafuu ya bei unayoiona ndiyo kodi ambayo hakuna aliyeilipa, na siku ya kukamatwa fedha yako haitarudi.

Na kwa kuwa umejitambulisha kuwa ni dereva: gari la IT haliruhusiwi kubeba abiria. Wale wanaosimamisha IT pale Segera na Chalinze kwa sababu ni za haraka na nauli ni ndogo wanasafiri kwenye gari ambalo halina leseni ya kuchukua abiria, na mara nyingi dereva amekesha usukanini. Ajali ikitokea, abiria anaanza kuhangaika na madai ya bima kwenye gari ambalo hakutakiwa kuwemo. Tunaomba sana wasomaji wetu waache usafiri huo, na madereva wa IT waache kuwapakia.

Shikamoo mhariri. Mwanangu anaishi Houston, Marekani. Miaka ya nyuma akinunua gari anapewa karatasi ya namba ya kubandika nyuma. Safari hii muuzaji amempa mabati papo hapo, tena kwa gari lililotumika. Nina hofu ametapeliwa, maana hapa nyumbani muuzaji hatoi namba. — Mama wa Raskazone

Marahaba, mama. Mwanao hajatapeliwa kwa kupewa mabati. Sheria ya jimbo la Texas ndiyo iliyobadilika.

Kwa miaka mingi wauzaji wa magari Texas waliruhusiwa kuingia kwenye mfumo wa idara ya magari ya jimbo, wakaandika namba ya chasisi na jina la mnunuzi, kisha wakachapa karatasi ya muda inayodumu siku 60 wakati hati zinashughulikiwa. Udhaifu ulikuwa mlangoni: mtu alijisajili kama muuzaji, hana hata gari moja uani, akapata ruhusa ya mfumo, akawa anauza karatasi zenyewe kwa yeyote mwenye fedha. Wengine hawakuhitaji mfumo kabisa, walichapa za kughushi nyumbani. Magari ya wizi na yasiyo na bima yakatembea kwa karatasi zinazofanana na halali. Novemba 2022 askari mmoja wa Grand Prairie, karibu na Dallas, alifariki akifukuza gari lenye karatasi ya bandia. Mwaka 2023 bunge la jimbo likapitisha sheria namba HB 718, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2025, na karatasi zikafutwa.

Sasa muuzaji mwenye leseni anatunza akiba ya pleti za chuma za jimbo. Kila pleti imeingizwa kwenye mfumo, na anawajibika kuzihifadhi zisiibwe. Akiuza gari, anaifunganisha pleti na chasisi ya gari hilo kwenye mfumo siku hiyohiyo, halafu anapeleka maombi ya hati ya umiliki kwa njia ya mtandao. Gari lililotumika likiwa na pleti za kawaida za Texas, pleti hizo hubaki na gari anapolichukua mnunuzi mwingine wa Texas. Kwa hiyo mabati yaliyochakaa kidogo kwenye gari la mwanao si dalili mbaya. Pleti maalumu alizolipia mwenye gari ndizo anazoondoka nazo. Mnunuzi anayelipeleka gari jimbo jingine hupewa ya muda.

Mwambie alinganishe mambo matatu kabla hajaondoka uani: namba iliyo kwenye pleti ya mbele na ya nyuma, namba ya pleti iliyo kwenye hati aliyopewa, na namba ya chasisi iliyo kwenye hati hiyo dhidi ya ile inayoonekana chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Ya Marekani ina nafasi 17 na haina kamwe herufi I, O wala Q. Akiziona hizo, aliyeandika amekosea au amebuni. Muuzaji wa leo Texas akimpa karatasi aitumie kama namba ya gari alilonunua kwa kukaa palepale Texas, asiondoke nalo.

Jambo moja la kumkumbusha ni kwamba kila jimbo lina sheria yake. California walifanya kinyume: hadi mwisho wa 2018 magari mapya yalitembea na bati la tangazo la muuzaji tu, kamera za madaraja ya kulipia hazikuwa na cha kusoma. Tangu 1 Januari 2019 muuzaji ni lazima atoe namba ya muda ya karatasi kutoka kwenye mfumo wa jimbo, ya siku 90. Florida ni siku 30. Akihama, asitumie kanuni ya Texas huko aendako.

Wasiwasi wako kuhusu hapa nyumbani ni wa haki, mama, na tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana. Kule muuzaji anaikabidhi pleti kwa mkono wake, lakini namba ni ya serikali na imeshaandikwa kwenye mfumo wa serikali kabla gari halijatoka. Karatasi ya msomaji wetu wa Makorora haikuandikwa popote.

Nimenunua gari kwa mtu, milioni 14. Kadi ina jina la mtu wa tatu aliyehamia Mwanza, aliyeniuzia hakuwahi kuhamisha. Nifanyeje, na gharama ni kiasi gani? — Mwalimu, Muheza

Tuanze na fedha kwa sababu ndiyo nyepesi. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, ada ya uhamisho wa gari ni shilingi 50,000, kadi mpya 10,000. Kwa milioni 14: 140,000 na 50,000 na 10,000, jumla 200,000. Pikipiki ada yake ya uhamisho ni 27,000, kwa hiyo bodaboda ya milioni 2 inakuwa 20,000 na 27,000 na 10,000, yaani 57,000. Zingatia kwamba TRA huangalia thamani halisi. Mkataba ukiandika milioni 3 kwa gari la milioni 14, utarudishwa, na pia umejinyima ushahidi wa fedha uliyotoa iwapo mauzo yatavunjika.

Kazi iko kwenye jina. Kwa TRA mwenye gari ni aliye kwenye kadi, basi. Aliyekuuzia alikuwa na mkataba na mtu wa Mwanza, nawe una mkataba naye, lakini mnyororo wenu haujaandikwa popote. Mpigieni mwenye kadi simu leo, msingoje. Njia safi ni uhamisho wa hatua mbili, kutoka kwake kwenda kwa aliyekuuzia, kisha kwako, kila hatua na malipo yake, na hatua ya kwanza alipe aliyekuuzia, kwani ndiye aliyeiruka. Kila hatua inataka kadi halisi, mkataba uliosainiwa mbele ya wakili au hakimu, picha ndogo, nakala za vitambulisho na TIN za pande zote mbili. Mwenye kadi anaweza kusaini Mwanza mbele ya wakili wa huko na kutuma karatasi kwa basi.

Mtu akikupa ushauri wa kughushi saini ya mwenye kadi, mkatalie. Mwenye kadi akifa kabla ya uhamisho, gari linaingia kwenye mirathi na warithi hawakujui. Akiwa na deni benki, gari linaweza kuwa limewekwa rehani. Na yeye pia ana sababu ya kukusaidia: gari likigonga mtu kesho, polisi wataanza na jina lililo kwenye kadi.

Kwa kuwa kwetu namba hubaki na gari, madeni ya namba nayo yanabaki. Kabla ya kulipa, ingiza namba kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia faini za barabarani, kisha angalia deni la maegesho. Gari lililokuwa likifanya kazi mjini huweza kuwa na rundo la maegesho ambayo hayajalipwa. Angalia na bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, kama stika ni hai. Mkataba uandikwe tarehe na saa ya kukabidhiana, tuseme "Jumamosi saa nne asubuhi". Faini ya saa mbili asubuhi ni ya muuzaji, ya saa sita mchana ni yako.

Kaka yangu wa Mombasa ameniachia gari lake la Kenya nilitumie Tanga. Inaruhusiwa? — Msomaji, Duga

Kupita nalo mpakani Horohoro kunataka kitabu cha gari, barua ya mwenye gari inayokutaja kwa jina, kibali cha muda cha forodha na bima ya Yellow Card ya jumuiya ya kibiashara ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua ingawa ilishatoka kwenye jumuiya hiyo. Lakini kibali hicho ni cha gari la mgeni anayezuru na kuondoka. Mkazi wa Tanga kulifanya gari la Kenya kuwa la kila siku ni kukwepa kodi, hata kama kaka ni wa tumbo moja. Likibaki huku, lilipiwe ushuru na lisajiliwe.

Gari langu lina pleti ya njano. Naweza kulifanya teksi Jumamosi na Jumapili tu? — Msomaji, Chumbageni

Hapana. Siku mbili kwa wiki nazo ni biashara. Unahitaji kubadilisha matumizi ya gari TRA upate pleti nyeupe, leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya gari la biashara. Hili la bima ndilo linaloumiza watu: kampuni ikigundua abiria alikuwa analipa nauli kwenye gari lenye bima binafsi, itakuwa na sababu ya kukataa dai.

Pleti ya mbele imedondoka mara mbili tangu masika yaanze. Fundi anasema ni pleti mbovu. — Msomaji, Mikanjuni

Pleti ni aluminiamu na skrubu alizoweka fundi ni chuma cha kawaida. Metali hizo mbili zikigusana kwenye hewa ya chumvi ya pwani, aluminiamu huliwa kuzunguka tundu, tundu linapanuka, na siku ukipita kwenye maji ya mvua kwa kasi bati linang'oka. Nunua skrubu za chuma kisichoshika kutu za milimita 6, weka washa pana ya mpira au plastiki mbele na nyuma ya bati ili chuma kisiguse aluminiamu, na nati za kujikaza. Usitoboe tundu jipya kwenye herufi au tarakimu. Kama iliyodondoka haikuonekana, chukua taarifa ya upotevu polisi kwanza, ndipo uende TRA kuomba kibali cha kutengenezewa nyingine yenye namba ileile. Anayekutengenezea pleti pembeni ya barabara bila kuuliza kadi anaweza kumtengenezea mwizi namba yako vilevile.